Achana na Seti, Tafuta Kisu

Nilipofanyiwa kicheni pati, zawadi iliyopigiwa vigelegele kuliko zote ilikuwa seti ya visu: vitano pamoja na mkasi, vimechomekwa kwenye kigogo kilichopakwa vanishi, vinang'aa mpaka unajiona sura. Shangazi aliyenikabidhi alitangaza kwamba sasa nyumba imepata jiko. Miezi mitatu baadaye kisu kikubwa kilikuwa kinaponda nyanya badala ya kuikata, na kile chembamba cha samaki kilikuwa kimepinda ncha kwa kufungulia kopo la maziwa. Wakati huo nilikuwa mpishi hotelini, na kazini nilitumia kisu kimoja tu cha mpini mweusi wa plastiki, sura hakina, ambacho wenzangu walikuwa wakikiazima kila saa. Kile cha kazini nilikinoa wiki kwa wiki kikarudi kama kipya. Vya nyumbani nilivinoa asubuhi, jioni vimeshachoka.

Tofauti yao ilikuwa kwenye chuma, na namna chuma chenyewe kilivyopitishwa motoni.

Chuma cha pua ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, na hiyo kaboni ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu. Kisu hupashwa moto mpaka kiive chekundu, kikapozwa ghafla, kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kilegee kiasi. Kaboni ikiwa haba, hata ukipashe na kukipoza mara kumi, ugumu hauji. Kinachozuia kutu ni kromiamu: ikifika asilimia 10.5 hivi, juu ya chuma hujitanda utando mwembamba usioonekana. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akapata chuma kilichokuja kuingia jikoni mwa dunia nzima. Visu vingi vya Ulaya vya kuaminika leo vina kaboni karibu asilimia 0.5 na kromiamu karibu asilimia 15. Vya bei ya kutupa mara nyingi kaboni yake ni ndogo zaidi, na hata hiyo iliyopo haikupewa moto wa kutosha. Makali yake hujikunja kama bati.

Ndiyo maana huwa nacheka, kwa uchungu, nikiona watu wanachagua kisu kwa sumaku. Nilimwona mama mmoja Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akitoa kwenye mkoba kipande cha sumaku ya spika mbovu. Akakigusisha kwenye kisu, kikang'ang'ania. "Hii si stenlesi, kaka, sumaku inashika." Muuzaji hakubishana. Akampa kingine cha mpini wa waridi, sumaku ikateleza, mama akalipa na kuondoka ameridhika. Nilitamani kumshika mkono. Kwa sufuria na vijiko kipimo hicho kina maana, kwa sababu stenlesi nzuri ya vyombo hivyo huwa na nikeli, nayo haishikwi na sumaku. Lakini stenlesi ya aina hiyo haiwezi kugumishwa kwa moto. Ya visu ni nyingine, na hiyo sumaku huishika. Kisu cha chuma kinachokataa sumaku ni kijiko kilichochongwa ncha. Sumaku ikishika bado hujajua kama kisu ni kizuri, ila ikiteleza, kirudishe mezani.

Kabla ya kuuliza chapa, jiulize unakata vipi. Vitabu vya mapishi vya Ulaya na Marekani vitakuambia anza na kisu cha mpishi cha sentimita 20, na kwa anayekatia kibaoni ni ushauri mzuri. Lakini mtazame mama anayekata sukuma wiki kibarazani. Majani ameyakunja yakawa kama sigara nene, ameyabana kwenye kiganja cha kushoto, na kisu cha kulia kinanyoa kuelekea kwenye dole gumba, nyuzi nyembamba zinadondokea kwenye beseni. Kitunguu anakikata vilevile, mkononi, juu ya sufuria. Mtu huyu ukimpa kisu cha sentimita 20 utamkata kidole. Anachohitaji ni kisu kifupi cha sentimita 8 hadi 10, chepesi, chembamba, chenye makali yaliyonyooka. Wapishi wa vyuoni huwasema sana wanaokatia mkononi. Mimi sioni kosa, mradi kisu kilingane na kazi.

Kwa hiyo nyumba nyingi zinahitaji visu viwili: hicho kidogo, na kimoja cha kibaoni cha sentimita 15 hadi 20 kwa nyama, kabichi na kachumbari ya watu wengi. Kisu cha meno ni cha mkate, nunua ukipenda. Mifupa mwachie mwenye bucha na shoka lake, nazi ivunje kwa mgongo wa panga. Kisu chembamba ukikigonga kwenye mfupa hung'oka kipande cha makali, na hapo usimlaumu aliyekuuzia.

Dukani, kitoe kwenye boksi. Muuzaji akikataa kisitolewe, nenda duka la pili. Kwanza kielekeze machoni, mpini ukiwa karibu na pua, utazame mgongo wake kama seremala anavyotazama ubao. Ukiona umekwenda kombo, basi. Kisha pima unene. Bana bapa kwa dole gumba na kidole cha shahada upande wa mgongo, uteremshe vidole taratibu kuelekea makali, usivipitishe kamwe kwa urefu. Kisu kizuri kinapungua unene mpaka unahisi kama karatasi ngumu karibu na makali. Kibaya kinabaki kinene njia nzima, halafu ghafla kimechongwa kwa pembe kama patasi. Hicho hata ukikinoa kikanyoa ndevu, karoti haitakatika, itapasuka "ka!" na nusu yake kurukia sakafuni. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, na hakuna boksi linalokiandika.

Geuza makali juu chini ya taa. Makali halisi hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Penye mstari au vidoa vinavyometa pana ubutu. Kisu kipya kikiwa hivyo si sababu ya kukiacha, maana utakinoa, ila ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe bei.

Mpini nao una yake. Wa plastiki iliyomiminwa moja kwa moja juu ya msuka hauna urembo, lakini hauna mwanya wa kuingiza maji wala mafuta ya samaki. Wa mbao wenye ribiti ni mzuri mkononi. Pitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma, na ukikwama kwenye ufa, humo ndimo uchafu utakapokaa, na mbao itavimba kila ukisahau kisu kwenye beseni la vyombo. Kisu chenye mpini uliounganishwa kwa gundi tu na msuka wenye urefu wa kidole gumba kitakuacha siku moja na mpini mkononi, bapa likiwa ndani ya boga.

Mawimbi ya kupendeza kwenye bapa la kisu cha bei poa yamechapwa tu. Rangi za waridi na kijani hubanduka.

Chapa? Victorinox ya Uswisi, iliyoanzia karakana ya Karl Elsener mwaka 1884, inajulikana kwa visu vyekundu vya mfukoni, lakini visu vyake vidogo vya jikoni ndivyo ninavyovipendekeza zaidi: vyembamba, vyepesi, na bei yake haitishi. Tramontina ya Brazil, iliyoanzishwa mwaka 1911 katika mji wa Carlos Barbosa, hutengeneza visu vikubwa vya kazi vya bei ya kawaida. Vya Kijapani vyenye ugumu wa kuzidi 60 kwa kipimo cha Rockwell hukaa na makali muda mrefu, lakini vinataka mkono wa adabu. Kwa nyumba ambamo kila mtu anashika kisu, hata kijana anayekitumia kama bisibisi, ugumu wa 54 hadi 58 unafaa zaidi. Angalia pia kama jina limechongwa kwenye chuma au ni stika. Jina lolote linalouzika hughushiwa.

Usiwapite wahunzi. Gerezani kwa Dar es Salaam, Kamukunji kwa Nairobi, utapata mtu wa kukutengenezea kisu. Chuma cha kuomba ni cha springi ya gari, zile bamba zinazopangwa juu ya ekseli. Kina kaboni ya kutosha kushika makali makali kweli, ingawa kitapata kutu ukikiacha na maji, na ndimu itakitia weusi. Swali la kumwuliza fundi ni moja: umekizamisha kwenye mafuta? Akikuonyesha kisu cha nondo au cha bamba la geti, mshukuru uondoke. Nondo haina kaboni ya kutosha, haiwi ngumu.

Ningekuwa na elfu hamsini za Kitanzania leo, elfu thelathini ningeweka kwenye kisu cha kibaoni, elfu kumi kwenye kidogo, na elfu kumi iliyobaki kwenye jiwe la kunolea la pande mbili, upande mmoja wa chenga, mwingine laini. Watu hulikata hilo jiwe kwenye bajeti kwanza. Mimi ningeanza nalo. Methali husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Haikusema kisu kipya.

Kunoa kwenyewe si uchawi. Loweka jiwe dakika kumi, uliweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kisha kilaze nusu ya ile nusu: hapo ndipo pembe yako ilipo, nyuzi 20 hivi. Sukuma na kuvuta bila kubadilisha pembe, upande mmoja tu, kuanzia kisiginoni mwa bapa mpaka nchani. Kila baada ya muda, gusa upande wa pili kwa dole gumba, ukikitoa kidole nje ya makali. Siku ya kwanza utachoka kabla ya kuhisi kitu. Kisha utahisi: kama unywele wa chuma umejikunja kwenye ukingo mzima. Unywele huo ndio ishara kwamba umefika ukingoni. Geuza kisu, urudie upande wa pili, halafu malizia upande laini wa jiwe kwa mkono mwepesi, huku na huku, mpaka unywele upotee. Nyanya ndiyo hakimu. Weka kisu juu ya ganda, kivute bila kukandamiza.

Katikati ya wiki huhitaji jiwe. Mama zetu waliogeuza kikombe cha udongo na kupitisha kisu kwenye kitako chake walikuwa sahihi: ule mduara usiopakwa rangi ni mgumu kuliko chuma na laini wa kutosha kukirekebisha. Ngazi ya saruji ni jambo jingine. Chembe za mchanga wake hazilingani, zinakwaruza makali yakabaki kama msumeno mbovu. Kukatia juu ya sahani au marumaru ya sinki pia kunaua makali kwa siku moja. Tumia kibao cha mbao au plastiki. Na kwa sisi wa pwani, stenlesi ya visu si ngao ya kila kitu: chumvi na dawa ya kufanya nguo ziwe nyeupe huitoboa vitundu vidogo vyeusi. Osha, futa, weka pakavu.

Kisu kikishamomonyoka, hapo namngoja mnoaji wa baiskeli. Wa mtaani kwetu huweka baiskeli yake juu ya stendi, akapiga pedali, jiwe likazunguka na cheche zikarushwa mpaka watoto wanakusanyika. Cheche ni nzuri kwa watoto. Kwa kisu ni dalili ya joto, na pembe nyembamba ya makali inashika joto haraka kuliko sehemu yoyote. Ikipata rangi ya majani makavu au buluu, ugumu uliotengenezwa kiwandani umekwenda, na hapo utanoa kila siku bila faida. Mara ya kwanza nilimwomba aweke kopo la maji pembeni na achovye kisu kila baada ya kupitisha mara mbili tatu. Alinitazama kama mtu anayefundishwa kuendesha baiskeli yake mwenyewe, lakini aliweka. Siku hizi kopo lipo kabla sijafika, na wateja wengine nao wameanza kuliulizia.

Seti ya kicheni pati bado ipo. Kigogo nimekitoa vanishi, kinashikilia miiko. Visu vinne nimegawa, cha tano kinafukulia magugu kwenye makopo ya maua. Mkasi peke yake ndio ungali kazini: unafungua pakiti za maziwa, unakata bizari mbichi, na kila shangazi akija kututembelea naupanga mahali atakapouona.