Nyanya Zishindazo Minyoo wa Mizizi

Mkulima wa bustani za Magomeni aonapo nyanya zake zikinyauka mchana ingawa amezimwagilia maji, na ang'oe mche mmoja atazame mizizi. Ikiwa na vifundo, adui ni minyoo wa udongoni, wadogo wasioonekana kwa macho.

Mwaka 1944 P. G. Smith wa California, Marekani, alitangaza chotara wa nyanya ya shambani na nyanya mwitu itokayo Peru. Hapo ndipo ukinzani ulipopatikana: mnyoo aingiapo mzizini, chembe zilizo karibu na kinywa chake hufa, naye hukosa chakula. Mbegu za namna hii aghalabu huandikwa herufi N katika pakiti.

Lakini udongo ukipita joto la digrii 28, kinga hiyo hudhoofika, na mji wetu ni wa joto. Basi pandeni wakati wa kipupwe, mfunike udongo kwa majani makavu. Baada ya mavuno, ng'oeni mizizi yote mkaichome moto. Wala msipande bamia au biringanya mahali pale. Mbegu njema katika udongo usiotunzwa ni fedha iliyotupwa.