Polenta, Kunde na Chungu: Tulichojifunza Kwenye Meza za Italia



Kila anayerudi kutoka masomoni Italia, awe amefikia Kumsenga, Kibondo mjini au Kasulu, huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: "Kule mlikuwa mnakula nini?" Wengi hutarajia kusikia habari za tambi na pizza. Ni kweli tulikula tambi, tena nyingi. Lakini tungependa kujibu swali hili kwa urefu kidogo, kwa sababu linagusa uamuzi ambao kamati za parokia na wafadhili wetu hufanya kila mwaka katika miezi ya kungoja mavuno: tununue chakula gani, na tusaidie kaya zipande nini.

Baadhi yetu tuliishi Perugia, mji wa kale ulio juu ya kilima katika mkoa wa Umbria, katikati ya Italia. Hapo kipo chuo cha wageni kilichoanzishwa mwaka 1921, ambako watu wa mataifa mengi, wakiwemo mapadre, watawa na wanafunzi walei kutoka Afrika, hujifunza Kiitaliano kabla ya kuendelea na masomo Roma na kwingineko.

Mshangao wa kwanza ulikuwa mkate wao usio na chumvi. Mgeni hudhani mwokaji amesahau. Wenyeji husimulia kuwa babu zao walikataa kununua chumvi baada ya Papa Paulo III kuipandishia kodi. Vita vya chumvi kweli vilipiganwa mwaka 1540, Perugia ikashindwa na ngome kubwa ikajengwa juu ya nyumba za waasi. Ila wapo wataalamu wanaosema mkate huo ni wa zamani kuliko vita. Sisi tunaotoka mkoa wenye chumvi ya Uvinza, ambayo watu wamekuwa wakiichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja, tuliwaelewa mara moja. Chumvi si jambo dogo.

Mshangao wa pili ulikuwa ugali. Kaskazini mwa Italia, katika mikoa ya Veneto na Lombardia, chakula cha asili cha wakulima kinaitwa polenta: unga wa mahindi uliosagwa kwa chembe kubwa kidogo, unaopikwa katika sufuria ya shaba na kukorogwa kwa mti karibu dakika 40 au zaidi. Mama wa Kumsenga angecheka, maana kwa muda huo familia yake ingekuwa imekwisha kula na kunawa mikono. Polenta ni laini kuliko ugali wetu. Humwagwa juu ya ubao, na ikishikamana hukatwa kwa uzi. Kiporo chake hukatwa vipande na kukaangwa asubuhi. Wanakula kwa uma, jambo ambalo hatukulizoea hata siku moja.

Hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Mahindi yalifika Ulaya kutoka Amerika baada ya safari za Columbus, na yalipoenea kaskazini mwa Italia katika karne za 17 na 18 yaliwaokoa maskini na njaa. Yalizaa kuliko ngano na ulezi, na wenye mashamba waliweza kuuza ngano wakawaachia vibarua mahindi. Vibarua wakala polenta asubuhi, mchana na jioni, mara nyingi bila kitoweo. Kisha ukaja ugonjwa. Ngozi ya mikono, miguu na shingo, pale jua linapopiga, iliwaka na kukakamaa, tumbo likaharisha, mwishowe akili ikachafuka, na wengi wakafia katika nyumba za wagonjwa wa akili. Daktari Francesco Frapolli wa Milano aliandika juu yake mwaka 1771 kwa jina la pellagra, neno la wanavijiji lenye maana ya ngozi iliyokwaruza.

Kwa zaidi ya miaka 100 waganga walibishana. Wengine walisema ni mahindi yaliyooza, wengine wakasema ni uchafu au ukoo mbaya. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1914, daktari Joseph Goldberger alionyesha kuwa tatizo ni sahani yenye chakula cha aina moja, na mwaka 1937 ikajulikana kuwa kinachokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua. Wenyeji wa Mexico walikuwa wakichemsha mahindi yao kwa maji ya chokaa, na hiyo huifungua. Wazungu walichukua mbegu wakaacha ujuzi. Italia ilipona pale vibarua walipopata kipato cha kuweka maharage, jibini na nyama kidogo kando ya polenta.

Msomaji asidhani haya ni ya kale na ya mbali. Mwaka 1990, nchini Malawi, wagonjwa zaidi ya 17,000 wa pellagra waliandikishwa miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji. Walikuwa wakipewa unga wa mahindi bila kukosa. Kilichokatika ni karanga katika mgao wao. Wilaya zetu zimepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi, Nyarugusu tangu mwaka 1996 na Nduta iliyofunguliwa upya mwaka 2015, na wanakamati wengi wameona kwa macho mgao unapopunguzwa ni kitu gani hutoka kwanza. Si unga. Hata katika kaya za wenyeji hali hufanana: wachuuzi wa maharage wakija na magunia yao baada ya mavuno, debe la mwisho huuzwa ili kulipa ada, na watoto hubaki na ugali na mboga za majani. Ugali wa muhogo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa una protini kidogo kuliko wa mahindi.

Kwa hiyo mfadhili anapotuandikia kwamba fedha zake zinunue unga mwingi iwezekanavyo, tunamshukuru, na tunamwomba aturuhusu kununua unga kidogo na maharage, karanga au dagaa pamoja nao. Gunia moja linapungua, sahani inakamilika. Tumeulizwa kama huko si kuwanyima wengine. Kwa maoni yetu, hapana.

Sasa turudi Perugia, maana jambo lililotushangaza kuliko yote tulilikuta sokoni. Umbali mfupi magharibi mwa mji kuna ziwa Trasimeno, na katika vijiji vya kandokando yake hulimwa mbegu ndogo iitwayo fagiolina. Tuliichukua mkononi, tukatazamana: ilikuwa kunde. Si maharage kama jina lake linavyodai, bali kunde hizihizi, zao ambalo asili yake ni Afrika na ambalo lilifika Ulaya karne nyingi kabla ya Columbus. Kuanzia miaka ya 1950 lilikaribia kupotea, kwa sababu maganda yake hayakomai kwa pamoja na lazima yachumwe kwa mkono, siku baada ya siku. Vijana walikwenda mjini. Wazee wachache waliendelea kuweka mbegu, na baadaye wakulima wakaungana, wakalirudisha sokoni kwa jina la ziwa lao, na chama cha Slow Food kikawaunga mkono. Leo huuzwa katika mifuko midogo kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya maharage ya kawaida. Ajabu ni kwamba hatukuona mtu akichuma majani yake kwa mboga! Hilo bado wana la kujifunza kwetu.

Kunde za Trasimeno hupikwa polepole na kuliwa na mafuta ya zeituni na mkate ule usio na chumvi. Chombo kinachopendwa ni chungu cha udongo. Kusini mwa Perugia, mwendo wa dakika 20 hivi kwa gari, upo mji wa Deruta unaoishi kwa ufinyanzi tangu zama za kati. Mafundi wake huchoma udongo mara moja, huutia rangi nyeupe yenye bati, huchora maua na ndege kwa buluu na manjano, kisha huchoma mara ya pili. Makumbusho ya ufinyanzi yalianzishwa hapo mwaka 1898. Sahani nyingi ni za watalii, tusidanganyane, lakini nyingine zimo makabatini mwa wenyeji na hutumika. Ukinunua kunde dukani, mara nyingine chungu kimewekwa palepale kando yake.

Wafinyanzi wetu wa kike wanajua kuchoma chungu kinachostahimili moto, na wateja wao wanapungua kila sufuria ya alumini inapoletwa mnadani. Hatuwashauri kuiga rangi za Deruta. Rangi za kung'aza za zamani zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu, na tanuri lake ni ghali. Kikundi kikitaka kujaribu, tunaona ni afadhali kiuze chungu cha kawaida pamoja na kilo ya maharage au kunde za hapa, chenye jina la kijiji juu ya mfuko. Huyo mnunuzi wa Dar es Salaam anayesifia maharage ya Kigoma hajui yametoka Kumsenga au wapi, kwa sababu hakuna aliyemwandikia.

Limebaki suala la kuni. Akina mama wengi wametuambia wanaacha maharage kwa sababu yanamaliza kuni, na milima yetu inaonyesha kwamba wanasema kweli. Wapishi wa Umbria huloweka tangu jioni, humwaga maji yale, na huanza na maji mapya asubuhi. Toscana, mkoa wa jirani, walikuwa wakiweka maharage ndani ya chupa pembeni mwa makaa ya tanuri la mkate baada ya kuoka, yakaiva usiku kucha bila kuongeza hata ukuni mmoja. Chungu chetu chenye mfuniko kinaweza kazi hiyo, kikifukiwa kwenye makaa ya moto wa jioni.

Kamati zinazoandaa maombi ya mbegu kwa msimu ujao tunaziomba zitaje kunde na karanga kwa kilo, kando ya mahindi, na idadi ya kaya zenye watoto chini ya miaka mitano. Na mkimwona mtu, mwenyeji au mkimbizi, mwenye ngozi iliyowaka shingoni na mikononi kana kwamba amevaa mkufu na glavu, msiite kurogwa. Mpelekeni kituo cha afya. Vidonge vyake ni vya bei nafuu.