Ugonjwa Sugu wa Figo: Majuma ya Kwanza Baada ya Majibu

Dominika moja, baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa makamo alinifuata sakristia akiwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekwenda hospitali kupima shinikizo la damu tu, akarudi na habari kwamba ana ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu. “Padre, naomba mpako kabla sijafa.” Mkewe alikuwa bado hajaambiwa lolote.

Nilimwomba aketi, kwani neno “sugu” lilikuwa limemtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Maana yake ni kwamba hitilafu imedumu miezi mitatu au zaidi na kwa kawaida haiponi kabisa. Si kwamba kifo kimekaribia. Figo mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo huo asihisi kitu, na ndiyo sababu majibu huja kama radi. Kwa kipimo cha kreatinini katika damu, waganga hukadiria kasi ya uchujaji: 90 na zaidi ni ya kawaida, hatua ya tatu ni kati ya 30 na 59, na chini ya 15 ni hatua ya tano, ambapo huzungumziwa kusafisha damu kwa mashine au kupandikiza figo. Wengi walio katika hatua ya tatu hawafiki huko, hasa wakidhibiti shinikizo la damu na kisukari, ambavyo ndivyo vyanzo vikuu vya maradhi haya.

Basi mgonjwa amwulize daktari wake: niko hatua gani, chanzo ni nini, na je, mkojo wangu una protini? Aache kujinunulia diklofenaki na ibuprofeni kila mgongo unapouma, maana dawa hizo huziumiza figo. Ushauri wa majirani nao upokelewe kwa shukrani, lakini kwa tahadhari. Mmoja atamkataza ndizi, mwingine atamwamuru anywe maji ndoo nzima. Lakini ndizi hukatazwa pale damu inapoonyesha potasiamu imepanda, na kiasi cha maji hupangwa na daktari.

Na hapa niseme bila kuzunguka. Asiyeacha kusali amefanya vema. Anayeacha vidonge vya shinikizo kwa kuwa ameombewa, au anayevibadilisha kwa chupa ya mizizi isiyojulikana, anajidhuru. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu tabibu na dawa kama vipaji vya Mungu, na katika sura hiyo hiyo anamhimiza mgonjwa asali.

Katika Kwaresima wengi huniuliza kuhusu mfungo. Sheria ya Kanisa huwafunga wenye umri kati ya miaka 18 na 59, lakini mgonjwa ambaye mfungo utamdhuru hafungwi nayo. Kushinda na kiu kunaweza kuzidhuru figo zilizodhoofika. Achague toba nyingine, wala asione haya.

Kuhusu Mpako wa Wagonjwa, sakramenti hii si ya walio katika kukata roho pekee. Ni ya mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na inaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Paroko atapima pamoja na mgonjwa uzito wa hali yake.

Lililonisumbua zaidi kwa baba yule ni ile siri. Ugonjwa ukifika mbali, kusafisha damu huhitaji kwa kawaida mara tatu kwa juma, takriban saa nne kila mara, na hakuna familia inayoweza kujipanga kwa jambo isilolijua. Upandikizaji, ambao Muhimbili waliuanza mwaka 2017, mara nyingi hutegemea figo ya ndugu aliye hai, na Kanisa linaruhusu tendo hilo la upendo likifanywa kwa hiari na bila kuhatarisha mtoaji kupita kiasi. Tena maradhi ya shinikizo na kisukari huandama koo, hivyo watoto nao wana haki ya kupimwa mapema.

Nikamwomba arudi na mama. Walikuja Alhamisi jioni, pamoja na kijana wao mkubwa. Mama alikuwa amelia, na alikuwa na daftari dogo lenye maswali ya kumpelekea daktari.