Visahani vya Leza na Uhifadhi wa Fasihi Simulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi arejeapo kutoka nyanjani na saa kadha za ngano na nyimbo, hukabiliwa na swali la mahali pa kuzihifadhi. Katika miaka ya 2000 jibu la wengi lilikuwa kisahani cha leza. Je, visahani hivyo vyote ni sawa?

Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, nazo tarakimu zikaandikwa kwa alama ndogo mno zinazosomwa na mwale wa leza. Wimbi la mwale likiwa fupi, alama hubanwa zaidi. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, husomwa kwa wimbi la nanomita 780 na hubeba takriban dakika 80 za sauti. DVD ya miaka ya 1990 hutumia nanomita 650 na hubeba gigabaiti 4.7 katika tabaka moja. Blu-ray ya mwaka 2006, nanomita 405 na gigabaiti 25. Zote kwa kawaida zina kipenyo cha sentimita 12, kwa hivyo umbo halimwelezi mtu lolote.

Hata hivyo, tofauti inayomhusu mtafiti zaidi si ya ukubwa. Kisahani cha muziki cha kiwandani hupigwa chapa, alama zikawa mashimo halisi katika plastiki. CD-R, ambayo mtu huiandika kwa tarakilishi yake, ina tabaka la rangi ya kikemikali linalochomwa mara moja tu. Rangi hiyo hufifia kwa joto, unyevu na jua, mambo ambayo Lamu na Mombasa hayakosekani. CD-RW hufutika na kuandikwa upya. Inafaa rasimu, wala si hazina.

Wengi hulinda upande unaong'aa na kuusahau ule wa lebo. Katika CD, alama zimo chini tu ya vanishi ya upande huo wa lebo, na kalamu ya ncha kali inayoandika jina la msimulizi yaweza kuiharibu ngano yake. Ni salama kuandika kwenye duara angavu la katikati.

Tarakilishi nyingi mpya hazina tena kisomeo cha visahani, na mwaka 2025 Sony iliacha kutengeneza Blu-ray za kurekodia. CD-R zilizomo makabatini zafaa kunakiliwa mapema katika diski kuu mbili zinazowekwa mahali tofauti, kila faili ikiandamana na jina la msimulizi, mahali na tarehe.