Mkuu, Makamu na Naibu: Vyeo vya Wakuu wa Chuo Kikuu

Mzazi wa Chita, bondeni Kilombero, aandikapo barua kumwombea mwanawe nafasi ya masomo, humwelekezea Mkuu wa Chuo. Kwani katika chuo cha ualimu huyo ndiye mwenye amri. Katika chuo kikuu sivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1970, Mkuu wake alikuwa Rais Nyerere, lakini aliyekiendesha siku kwa siku ni Makamu Mkuu, Pius Msekwa.

Neno makamu limetoka katika Kiarabu, maana yake mahali pa kusimama. Ni ndugu wa kaimu, yaani asimamaye. Basi makamu husimama mahali pa mwingine, nasi tusikiapo hivyo twamdhani mtu wa pili. Naibu naye, wa asili hiyo ya Kiarabu, ana maana iyo hiyo. Kwa hiyo Naibu Makamu Mkuu ni badala ya badala. Rasi na amidi hawana tatizo hili, maana kila neno lina kazi moja.

Naona yafaa kamusi zetu zieleze kazi ya cheo, zisitoe tafsiri tu. La sivyo barua ya Chita itazidi kumfikia asiyehusika kuijibu.