Wabunifu wa nyumba Kajiado: Ugomvi wa ladha ambao kiini chake ni risiti

Kajiado inajenga. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti hii na watu 1,117,840 kutoka 687,312 mwaka 2009, na Kitengela pekee ikawa na zaidi ya 154,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watu waliotoka Nairobi wakanunua ploti ya hamsini kwa mia, wakamwaga msingi na kupandisha ukuta pole pole. Nyumba hizo sasa zinafika hatua ya jipsamu, vigae, kabati na rangi. Kwa kawaida mfuko huwa umekauka kufikia hapo na mwenye nyumba amechoshwa na mafundi. Ndipo anapomtafuta mbunifu wa ndani.

Wengi wanaoingia katika mkataba huu, ambao mara nyingi ni wa mdomo tu, hudhani kwamba wakikosana itakuwa kwa sababu ya ladha: yeye anapenda kijivu, mimi napenda krimu. Walio ndani ya biashara wanasimulia mengine. Rangi hubadilishwa kwa siku moja. Kinachovunja uhusiano ni swali la nani ananunua vifaa, kwa bei gani, na nani amebaki na risiti.

Mfanyabiashara mmoja mwenye karakana ya kabati kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela, ambaye pia huchora na kusimamia kazi za ndani, ana malalamiko ambayo wenzake kadhaa wanayarudia karibu neno kwa neno. Hakutaka kutajwa kwa sababu wateja wake ni majirani. Anasema mteja humwita, naye huenda kupima jikoni na sebule, huketi usiku kuchora, kisha hutuma picha kwa simu. Mteja huomba sinki lihamishwe, kisha lirudishwe lilipokuwa, kisha kabati za juu zifike darini. Baada ya hapo simu hunyamaza. Miezi ikipita, akiwa katika shughuli nyingine mtaani, huona jikoni lake limejengwa na fundi aliyepewa picha zile zile na ubao wa bei nafuu. Kinachomuudhi zaidi, anasema, ni mteja huyo kumpigia tena milango ikianza kuvimba, akitaka aje atazame bure kwa kuwa mchoro ulikuwa wake.

Siku hizi haachi mchoro bila malipo ya kianzio, na safari ya kwanza huitoza. Anakiri kwamba uamuzi huo umempunguzia wateja. Waliobaki, kwa maelezo yake, husumbua kidogo na hulipa mapema. Haya ni maneno yake, na hakuna hesabu ya kuyathibitisha.

Akiulizwa alikuwa akipata wapi faida miaka ile ambayo hakutoza mchoro, majibu yake yanazunguka kabla ya kutua. Alikuwa akiirudisha kwenye vifaa. Mbao, bawaba, graniti ya meza na taa vyote viliongezwa kitu juu ya bei ya duka. Anasisitiza kwamba hiyo ilikuwa haki yake: usafiri, muda wa kuchagua, kipande kinachovunjika njiani. Lakini hakuna mahali ilipoandikwa. Mteja aliyepita dukani siku moja na kukuta bei ya chini alihesabu kwamba ameibiwa, na ni vigumu kumlaumu.

Muuzaji wa vigae katika mji huo huo anasema jambo hili linajulikana. Mbunifu anayeleta wateja mara kwa mara hupewa punguzo au asante mwishoni mwa mwezi, na mwenye nyumba akija mwenyewe huuziwa kwa bei ya kawaida. Kwa hiyo hata mteja anayeshinda madukani kulinganisha bei huenda asipate bei ambayo mbunifu angeipata. Swali linabaki ni nani mwenye punguzo hilo. Wabunifu wanasema ni lao. Wateja wengi hawajui kwamba lipo.

Njia za malipo zenyewe si siri. Baadhi hutoza sehemu ya gharama yote ya kazi. Wengine hutaja bei moja ya jumla, au hutoza kwa ukubwa wa eneo. Kundi la mwisho, ambalo katika miji midogo linaelekea kuwa kubwa, husema ushauri ni wa bure na kula kwenye vifaa. Kila njia ina kishawishi chake: anayelipwa sehemu ya gharama hana haraka ya kupunguza gharama, na anayeuza vifaa hana sababu ya kukwambia kwamba meza yako ya zamani bado inafaa. Uhusiano unaodumu, kwa walioufikia, umetokana na kutenganisha mafungu mawili: ada ya ubunifu ilipwe peke yake, na vifaa vilipwe kwa risiti ya duka iliyoandikwa jina la mwenye nyumba, punguzo likionekana. Mabadiliko yoyote baada ya mchoro kukubaliwa huandikwa, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, pamoja na bei yake na siku yatakazoongeza.

Serikalini picha inayotolewa ni ya kung'aa. Afisa mmoja wa kaunti anayeshughulika na mipango ya ujenzi anataja takwimu ambayo kila msomaji wa kurasa hizi ameisikia: Kenya inahitaji nyumba 250,000 kila mwaka na zinazojengwa ni takriban 50,000. Kwake pengo hilo ni soko, na Kajiado, iliyo mlangoni mwa Nairobi, lazima ipate fungu nono. Wabunifu, mafundi na wenye maduka, anasema, wajiandae.

Takwimu hiyo imerudiwa miaka mingi, na maafisa tofauti, bila kubadilika sana, jambo ambalo lenyewe linapaswa kutia shaka. Ni ya nchi nzima. Inapima uhitaji bila kupima uwezo wa kulipa, na sehemu kubwa ya uhitaji huo ni ya watu wa kipato cha chini ambao hawatamwita mbunifu. Afisa huyo alipoulizwa ni wabunifu wangapi wa ndani wana leseni ya biashara katika kaunti, hakuwa na idadi. Alieleza kwamba wengi huandikishwa chini ya biashara nyingine. Alisema utoaji wa vibali kwa mtandao utaleta nidhamu. Huenda. Ila leseni huthibitisha kwamba mtu amelipa ada, haithibitishi kwamba anaweza kusoma mchoro wa umeme. Sheria ya Kenya inayawekea ulinzi majina ya msanifu majengo na mkadiriaji ujenzi. Mbunifu wa ndani hana sajili ya lazima, na yeyote mwenye simu na picha nzuri anaweza kujiita hivyo.

Ukitoka Kitengela kwenda Ewuaso Kedong, upande wa Kajiado Magharibi kwenye barabara ya Ngong kuelekea Suswa, hesabu zinabadilika. Ploti zilizotokana na kugawanywa kwa ranchi za jamii zinauzwa, na reli ya kisasa iliyofika Suswa mwaka 2019 iliongeza matumaini ya madalali kuliko ilivyoongeza wakazi. Vigae husafirishwa kutoka mbali, vumbi la bonde huingia kila penye upenyo, na nyumba nyingi hutegemea maji ya gari au ya kisima. Mbunifu anayepanga bafu lenye vyombo vya kumetameta bila kuuliza maji yanatoka wapi anaandaa ugomvi wa mwaka ujao. Kitengela yenyewe ina maji ya chumvi yanayokula mifereji, na udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, hivyo mbunifu mara nyingi hulaumiwa kwa ufa kwenye jipsamu ilhali umeanzia kwenye msingi.

Lipo pia suala la kalenda ya pesa. Mwajiriwa wa Kitengela hulipa mwisho wa mwezi. Mfugaji wa Ewuaso hulipa akiuza ng'ombe, na ukame wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 ulionyesha jinsi bei ya mnyama inavyoweza kuanguka kazi ikiwa katikati. Mbunifu mmoja aliyefanya kazi upande huo anasema sasa hupanga kazi chumba kwa chumba, kila chumba kikamilike na kulipiwa kabla ya kingine kuguswa. Haimpendezi, kwa kuwa fundi wa vigae huitwa mara nne badala ya moja, lakini hajadaiwa wala kudai.

Wateja walio ng'ambo ndio wanaotamaniwa zaidi. Fedha zilizotumwa Kenya kutoka nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, na sehemu yake huishia kwenye kuta za Kajiado. Ndio pia wanaogombana kwa nguvu, kwa sababu hulipa wakiona picha tu. Anayepokea picha ya kazi bila ya risiti ana nusu ya taarifa.

Mbele hakuoneki vizuri. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki umeweka fanicha, bidhaa za kauri na rangi kutoka nje kwenye daraja la asilimia 35, hali inayowafaa mafundi wa hapa na viwanda vya vigae vya Kenya, kimoja kikiwa Kajiado kwenyewe, lakini inampandishia bei mwenye nyumba anayetaka cha nje. Riba imeshuka kutoka kilele cha 2024, ingawa wauzaji wanasema bado hawajaona foleni dukani. Watakaokosana wana mahakama za madai madogo, zinazosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni na zinazotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Hizo nazo huanza kwa kuuliza karatasi, na katika biashara hii karatasi bado ni chache kuliko nyumba zinazosubiri kumaliziwa.