Kidole Kimoja, Hesabu Mbili: Fidia ya Kazini Sirari na Isebania

Simu zinazotufikia huku ughaibuni kutoka Sirari, mji wa Tanzania mpakani na Kenya, huanza na jeraha: msumeno umekata kidole, gunia limemwangukia kuli mgongoni. Swali la pesa huja baadaye, na hapo ndugu wengi hupotea, maana wanadhani sheria inapima maumivu. Inapima mambo mawili tu: asilimia ya ulemavu uliobaki baada ya jeraha kupona, na mshahara.

Tuchukue kijana wa mashine ya mbao anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, daktari akamkadiria ulemavu wa asilimia 10. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, huchukua asilimia 70 ya mshahara huo, huzidisha kwa miezi 84, kisha kwa asilimia ya ulemavu. Kijana anapata shilingi 2,352,000 kwa mkupuo. Ulemavu ukizidi asilimia 30 halipwi mkupuo, analipwa pensheni ya kila mwezi. Si haba, ukikumbuka kuwa sheria ya zamani, iliyorithiwa kwa mkoloni, iliishia shilingi 108,000.

Angeumia hatua chache kutoka hapo, upande wa Isebania, hesabu ingebadilika. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, huchukua mshahara mzima wa miezi 96 na kuuzidisha kwa asilimia ya ulemavu. Hesabu ni nono zaidi, lakini mlipaji ni mwajiri kupitia kampuni ya bima. Mfuko wa taifa kama WCF haupo.

Kwa wenzetu wa Minnesota, Marekani, mshahara hauingii kabisa katika malipo ya ulemavu wa kudumu wa sehemu ya mwili. Asilimia hulinganishwa na jedwali la dola. Kidole cha mfagizi na cha meneja hulipwa sawa.

Nyumbani sivyo, na hili ndilo linalonikera. Mwajiri akiandika 200,000 kwenye daftari huku akimlipa kijana 400,000 mkononi, ile 2,352,000 inashuka hadi 1,176,000. Jeraha ni lilelile, mkono uliopoteza nguvu ya kushika jembe ni uleule. Kwa hiyo, ndugu yako akipata kazi, kabla hujauliza habari ya viatu vya usalama, uliza kiasi kilichoandikwa kwenye hati yake ya mshahara.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Sheria ya Kenya inamruhusu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kupandisha asilimia iwapo jeraha lina athari kubwa kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi ya mhusika. Fundi cherehani aliyepoteza ncha ya kidole anaweza kuomba hilo. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi.